Vitabu vya Kubeba Unapokwenda Ujerumani Kujitolea

Kila mwaka vijana wa Kitanzania huondoka kwenda Ujerumani kufanya kazi za kujitolea katika nyumba za kutunzia wazee, shule za chekechea na vituo vya watu wenye ulemavu, wengi wao kupitia mpango wa weltwärts pamoja na huduma ya kujitolea ya serikali ya Ujerumani, Bundesfreiwilligendienst, iliyoanza tarehe 1 Julai 2011. Taasisi zinazowapeleka huwaandaa kuhusu viza, bima ya afya, koti la baridi na mtihani wa Kijerumani. Kuhusu vitabu hazisemi mengi, na zikisema huwa ni kumhimiza msafiri asome habari za nchi anayokwenda. Mimi nilitumikia mwaka wangu katika nyumba ya wazee kwenye mji mdogo wa jimbo la Saxony, si mbali na Leipzig, na tangu nirudi wadogo zangu wanaojiandaa kuondoka wamekuwa wakiniuliza wabebe vitabu gani. Huwa nawajibu kwamba wabebe vitabu vya kwetu, vya lugha yetu, na vinavyohusu Ujerumani waviache, kwa sababu watavikuta huko huko.

Nianze na hivyo vya kuacha, maana ndivyo vinavyojaza begi bure. Karibu kila mji wa Ujerumani, hata ule mdogo, una maktaba ya umma, na kadi yake hupatikana kwa ada ndogo ya mwaka ambayo maktaba nyingi huwapunguzia wanafunzi na watu wanaojitolea. Humo utakuta vitabu vya kujifunzia Kijerumani vya ngazi zote, riwaya zilizoandikwa kwa lugha rahisi kwa ajili ya wageni, ramani, vitabu vya historia na vya mapishi, na mara nyingi rafu nzima ya vitabu vya Kiingereza. Tena mitaani yapo makabati ya vitabu ya wazi, mengine yakiwa ni vibanda vya simu vya zamani vilivyotiwa rafu, ambamo kila apitaye huruhusiwa kuchukua kitabu na kuacha kingine bila kumwomba mtu yeyote. Katika hali hiyo, kuubeba mwongozo mnene wa utamaduni wa Wajerumani kutoka Dar es Salaam ni kujitwisha mzigo usio na kazi. Ninakubali kitabu kimoja tu cha Kijerumani ndani ya begi, nacho ni kile ulichofundishiwa hapa nyumbani, ambacho pembeni mwa kurasa zake umekwisha kuandika maelezo yako mwenyewe. Maelezo hayo yanafuata jinsi wewe ulivyoielewa sarufi ile, na hakuna maktaba itakayokupa.

Vitabu vya Kiswahili ni jambo jingine kabisa. Si kwamba havipo Ujerumani. Kiswahili kimekuwa kikifundishwa Berlin tangu mwaka 1887, ilipofunguliwa Seminari ya Lugha za Mashariki, na miongoni mwa waliofundisha pale alikuwamo Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo, ambaye kitabu chake cha desturi za Waswahili kilichapishwa Göttingen mwaka 1903. Hadi leo vyuo vikuu vya Leipzig, Hamburg na Bayreuth vina wataalamu wa Kiswahili na vitabu vyao. Lakini mtu anayejitolea kwa kawaida hakai chuoni. Anakaa katika mji wenye kituo kimoja cha treni, anafanya kazi siku tano za wiki, na anaishi kwa posho ambayo nauli ya kwenda mjini huimega mara moja. Katika maktaba ya mji niliokaa hakukuwa na kitabu hata kimoja cha Kiswahili. Kwa hiyo chochote utakachotaka kusoma kwa lugha yako kwa mwaka mzima, kihesabu kwamba ni lazima utoke nacho nyumbani.

Na utataka kusoma. Mwanzoni hutaamini, kwa kuwa miezi ya kwanza kila kitu ni kipya na kichwa kimejaa Kijerumani, lakini hali hubadilika majira ya baridi yanapoingia. Mwezi Desemba jua huzama karibu saa kumi alasiri. Mtu aliyezoea kuliona likizama baada ya saa kumi na mbili jioni mwaka mzima hujikuta na giza refu asilojua alifanyie nini. Umeshinda kazini ukitafuta maneno, umesema sentensi fupi fupi kama mtoto, umecheka vichekesho ambavyo hukuvielewa vyote, na unaporudi chumbani unahitaji kukaa mahali ambapo akili yako inatembea kwa mwendo wake wa kawaida. Simu za nyumbani husaidia, ila mazungumzo ya simu mara nyingi ni ya habari: nani anaumwa, ada imelipwa, mvua imenyesha. Hayakupi Kiswahili kipana, chenye picha na mafumbo. Hicho kimo vitabuni, na ukikikosa kwa muda mrefu utaanza kukihisi upungufu wake ndani ya kinywa chako mwenyewe, pale unapomsimulia mama jambo na nusu ya maneno hayaji.

Sasa tazama uzito. Mashirika mengi ya ndege huruhusu begi la kilo 23, na begi la mkononi la kati ya kilo 7 na 12 kutegemea shirika. Kitabu cha jalada laini chenye kurasa 200 huwa na gramu 200 hadi 300, hivyo vitabu kumi vinakula kilo mbili na nusu hivi, kiasi ambacho familia yako itakitaka kwa ajili ya vitenge, kahawa, majani ya chai na zawadi za wenyeji. Mimi naona vitabu kumi ndio ukomo wa busara. Kwa kuwa ni vichache, sifa ya kwanza ya kila kimoja iwe kwamba kinarudiwa. Jiulize kama umewahi kukisoma mara mbili, au kama kuna kurasa zake unazoweza kuzisoma tena kesho bila kuchoka. Riwaya ya upelelezi ambayo utamu wake wote umo katika kumjua muuaji huisha wiki ya kwanza. Kitabu unachokiheshimu bila kukipenda, kile ulichopewa na mtu mwenye nia njema ukaahidi kwamba utakisoma ukipata nafasi, kiache pia. Nafasi utaipata, lakini hamu haitakuja kwa sababu umevuka bahari.

Kwa kipimo hicho ushairi unashinda. Diwani au utenzi ni kitabu chembamba, hakina uzito, na hakimaliziki. Mimi nilibeba Utendi wa Mwana Kupona, uliotungwa mwaka 1858, na ndio uliofunguliwa kuliko vyote. Kiswahili chake cha kaskazini kilinitaka nisome polepole kwa msaada wa maelezo ya chini ya kurasa, na polepole hiyo ndiyo niliyoihitaji jioni. Kisha ukapata kazi nyingine ambayo sikuitarajia. Katika ghorofa yangu alikuwapo bibi mmoja aliyekuwa mshonaji nguo ujanani, ambaye kumbukumbu zake zilikuwa zimepungua sana, na alasiri hakupenda kuachwa peke yake. Siku moja nilikaa naye nikiwa na kitabu changu mkononi, akaniashiria nisome. Nikasoma kwa sauti, kwa Kiswahili, kwa mahadhi niliyofundishwa na bibi yangu mzaa mama. Utenzi una mizani minane katika kila kipande na vipande vinne katika kila ubeti, vitatu vya mwanzo vikiwa na kina kimoja, na cha nne kikirudi kwenye kina kile kile kinachotembea tangu ubeti wa kwanza hadi wa mwisho. Baada ya beti chache kidole chake cha shahada kilianza kugonga blanketi, si kila mahali, bali pale tu kipande cha nne kilipofika. Hakujua neno hata moja, lakini alikuwa amekisikia kina cha bahari, yaani kile kinachorudi mwishoni mwa kila ubeti. Nilipofunga kitabu akaniambia nirudie. Tangu hapo ikawa desturi yetu, na wauguzi walijua kwamba akitulizwa kwa tenzi anakubali kunywa chai yake na dawa bila ugomvi.

Ninalieleza hili kwa kuwa watu wengi huchagua vitabu kana kwamba watasoma kimya peke yao mwaka mzima. Kazi ya kujitolea hukuweka na watu. Anayekwenda chekechea ataombwa asome, na kitabu cha watoto chenye picha kubwa na maneno machache ya Kiswahili hufanya kazi hata kwa watoto wasioijua lugha, ilimradi picha zieleze kisa na pawe na neno moja la kurudiarudia ambalo darasa zima litaitikia. Vitabu viwili vya namna hiyo vinatosha, na hadithi nyingine unaweza kuzipakua na kuzichapisha bure kutoka mradi wa African Storybook, ulioanza mwaka 2014, ambao una hadithi nyingi za Kiswahili.

Jambo ninalolisisitiza kuliko yote ni historia. Utaulizwa. Kijana aliye katika huduma ya mwaka mzima hupewa siku 25 za semina, na katika semina hizo wenzako Wajerumani watasimulia habari zao nawe utatakiwa usimulie za kwenu. Baadhi yao watakuwa wamesoma kidogo sana juu ya Afrika Mashariki ya Kijerumani, na wachache watashangaa kusikia kwamba Tanganyika ilikuwa koloni lao. Wengine watakuwa wanajua, wataona aibu, na watataka kusikia kutoka kwako. Ukiwa huna ulichosoma utabaki na sentensi mbili za darasa la saba, na hilo ni deni kwa watu waliokufa. Vita vya Maji Maji, vilivyoanza katika nchi ya Wamatumbi mwaka 1905 kwa hasira ya kulimishwa pamba na kutozwa kodi, viliisha mwaka 1907 na kuacha vifo ambavyo makadirio yake huanzia watu 75,000 na kufikia 300,000, wengi wao wakiwa wameuawa na njaa baada ya mashamba na maghala kuchomwa moto. Tarehe 1 Novemba 2023 Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alisimama Songea akaomba msamaha mbele ya wajukuu wa wapiganaji walionyongwa pale mwaka 1906, Chifu Songea Mbano akiwa mmoja wao. Kijana wa Kitanzania aliyeko Ujerumani anapaswa kuweza kuyaeleza haya kwa utulivu na kwa tarehe sahihi. Anayetoka Kilimanjaro ajue pia habari za Mangi Meli, mtawala wa Wachaga aliyenyongwa Old Moshi tarehe 2 Machi 1900, na ambaye fuvu lake jamaa zake wamekuwa wakilitafuta katika makumbusho ya Ujerumani. Na ukibahatika kufika Berlin, katika Makumbusho ya Elimu ya Viumbe utasimama chini ya mifupa ya dinosaria yenye kimo cha zaidi ya meta 13, iliyochimbuliwa Tendaguru, mkoani Lindi, kati ya mwaka 1909 na 1913. Wamakonde na Wamwera waliokodiwa waliibeba mabegani hadi bandarini. Vizuri uwe umeyasoma haya kabla hujasimama pale na wenzako wakikutazama.

Kwa ajili hiyo beba Kinjeketile ya Ebrahim Hussein, tamthilia kuhusu kiongozi wa kiroho wa Vita vya Maji Maji, iliyochapishwa mwaka 1969, ambayo wengi tuliikuta sekondari tukaisoma kwa ajili ya mtihani. Ni nyembamba, inasomeka jioni moja, na inaposomwa ugenini inazungumza tofauti, kwa sababu swali lake kuhusu watu wanaohitaji imani ili waungane, na imani hiyo inavyoweza kuwaangamiza, ni swali ambalo Wajerumani wanalielewa kwa undani wao wenyewe. Mwandishi mwenyewe baadaye alisoma Berlin, akaandika tasnifu yake ya uzamivu katika Chuo Kikuu cha Humboldt. Hata hivyo tamthilia si kumbukumbu za mahakama, na Hussein alieleza wazi kwamba Kinjeketile wake ni wa kubuni, kwa hiyo iambatanishe na kitabu kimoja kifupi cha historia ya Tanganyika, hata kama ni kile cha kidato cha tatu.

Aina nyingine yenye faida kubwa ni kitabu kinachopatikana kwa Kiswahili na pia kwa Kijerumani. Mfano mzuri ni Peponi, tafsiri ya Kiswahili ya riwaya ya Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar aliyepata Tuzo ya Nobel ya Fasihi mwaka 2021. Nakala ya Kiswahili utainunua hapa, na ya Kijerumani, Das verlorene Paradies, utaiazima huko maktabani. Mfanyakazi mwenzangu mmoja nami tulisoma hivyo, sura kwa sura, kila mmoja kwa lugha yake, tukikutana chumba cha chai kuzungumza. Nilijifunza Kijerumani kingi kwa njia hiyo kuliko kwa mazoezi ya sarufi, kwa sababu nilikuwa ninayajua yaliyokuwa yakisemwa, na naye kwa mara ya kwanza aliiona pwani yetu ikiwa na wafanyabiashara, wivu, madeni na mapenzi kabla askari wa Kijerumani hawajafika. Wakristo wanaweza kuitumia Biblia kwa namna hiyo hiyo, kwa kuwa sura na aya zina namba zile zile. Mlutheri wa KKKT akibeba kitabu cha nyimbo atagundua kwamba tuni nyingi anazozijua zinaimbwa pia katika kanisa la mtaa wake mpya, maana wamisionari wa Leipzig walioanza kazi Kilimanjaro mwaka 1893 walikuja na nyimbo zao. Kwa Mwislamu nashauri kwa mkazo abebe Msahafu wenye tafsiri ya Kiswahili, kama ile ya Sheikh Abdullah Saleh Farsy, kwa sababu misikiti mingi ya Ujerumani inaendeshwa na Waturuki, na mawaidha huwa kwa Kituruki au Kijerumani. Msikitini atapata udugu na sala, lakini maana ya aya kwa lugha yake hataipata.

Kipo kitabu kimoja ambacho hakiuzwi. Nunua daftari gumu, na wiki za mwisho kabla ya safari kaa na wakubwa wako walijaze. Mama aeleze pilau lake, si kwa gramu bali kwa vipimo vyake vya kikombe na kiganja, na aseme ni wakati gani hasa vitunguu huwa vimeiva vya kutosha. Babu ataje majina ya ukoo hadi anapofika. Bibi asimulie ngano moja au mbili, uziandike kwa maneno yake, pamoja na wimbo ulio katikati ya hadithi. Hutapata muda wa kufanya haya kwa simu, na ukiombwa upike kwa ajili ya watu ishirini katika sherehe ya nyumba, kama wengi wetu tulivyoombwa, utashukuru kuwa na maandishi ya mama mezani.

Kuhusu vitabu vya kusomea kwenye simu au kishikwambi sina mengi. Vinafaa kwa vya Kiingereza, ambavyo vipo kwa wingi. Vya Kiswahili bado ni vichache kwa njia hiyo, na ukipata muuzaji wa nakala tepe lipia na upakue ukiwa bado nyumbani, kwa sababu malipo ya laini ya Tanzania husumbua ukiwa nje. Lakini usitegemee simu peke yake. Ndicho chombo hicho hicho kinacholeta ujumbe wa kazini, habari za nyumbani na picha za wenzako waliobaki, na mtu aliyechoka akishika simu ili asome mara nyingi haishii kusoma.

Katika kufungasha, vitabu viwili unavyovipenda zaidi viwe kwenye begi la mkononi, maana begi kubwa linaweza kuchelewa siku kadhaa, na siku za kwanza ndizo zinazouma. Vilivyobaki vilaze chini ya begi, karibu na magurudumu, vikiwa ndani ya mfuko wa plastiki, si juu ya nguo ambako begi likisimamishwa vinaporomoka na kukunjika majalada. Andika jina lako ndani ya kila kimoja. Na anza kutafuta mapema, walau miezi miwili kabla ya safari, kwa sababu wachapishaji wetu huchapa nakala chache na kitabu kinaweza kutoweka madukani kwa muda mrefu. Zunguka maduka ya Mtaa wa Samora jijini Dar es Salaam, pitia na wale wanaouza vitabu vilivyotumika kando ya barabara, ambao mara nyingine wanazo riwaya za miaka ya 1970 ambazo maduka hayana. Usipopata kabisa, mtafute mwalimu wako wa Kiswahili wa sekondari, umweleze unakokwenda na kitabu unachokitaka. Ikiwa yeye hana nakala, huenda anamjua mwalimu mwenzake aliye nayo.